Tangazo la halmashauri linaishia Facebook na WhatsApp: vijijini linafikaje?

mtoahabari_kusini ameuliza:

Wakuu, salaam. Naomba mawazo ya wanaojua mawasiliano ya umma, hasa mlioko Lindi na Mtwara.

Halmashauri (sitaitaja) ina ukurasa wa Facebook, Instagram, na kundi moja la WhatsApp lenye watendaji wa kata na vijiji, madiwani na waandishi wa habari. Kila tangazo, liwe la kukatika maji, chanjo, ugawaji wa salfa (dawa ya mikorosho) au taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ya upepo mkali, linaandikwa kama barua, linagongwa mhuri, linapigwa picha na kutupiwa humo. Basi, kazi imekwisha. Tovuti ipo lakini haijaguswa muda mrefu. Eneo lina kata mbili za pwani zenye wavuvi, mji mdogo, na vijiji vya bara ambako intaneti inashika ukisogea penye mwinuko. Malalamiko ni yale yale: "hatukuambiwa".

Nauliza: tufungue chaneli ya WhatsApp tuachane na kundi? SMS za jumla kwa watu kama 6,000 zina maana au ni kupoteza hela? Na intaneti ikikatika kabisa tunabaki na nini? Ofisi ina watu wawili, bajeti mnaijua.

---

ubao_wa_kijiji amejibu:

Mkuu, kabla ya kuchagua mtandao, amua kwanza tangazo linakaa wapi. Kwa sasa halina kwao. Mtu akiona skrini shoti anashindwa kuhakiki, kwa sababu ya asili imezama chini ya picha za ziara za viongozi. Fufueni tovuti, hata iwe na ukurasa mmoja tu wa "Matangazo", wa maandishi matupu, lililo jipya juu. Kila tangazo lipewe namba na tarehe, kisha Facebook, WhatsApp na redio zibebe nakala ya hilo hilo zikitaja namba yake. Likibadilika, usifute. Andika juu yake "LIMEBADILISHWA" na saa, halafu tuma upya kwenye njia zote ulizotumia mwanzo. Kosa la kawaida ni kurekebisha Facebook na kusahau WhatsApp, ambako toleo la zamani linaendelea kutembea.

Mitandao hii ni nyumba ya kupanga. Aprili 2023 shirika la usafiri la New York, MTA, liliacha kuweka taarifa za treni Twitter (sasa X) baada ya kampuni kubadilisha masharti kwa wanaotuma taarifa kwa mitambo. Likarudi Mei, kampuni ilipolegeza kwa huduma za umma. Juni 30 mwaka huo huo asiye na akaunti akazuiwa kusoma kabisa, na kesho yake wenye akaunti za bure wakawekewa ukomo wa kusoma machapisho 600 kwa siku. Hapa kwetu X ilifungiwa Mei 2025. Aliyekuwa ameweka mayai yake yote kwenye kapu hilo alibaki anaongea na wenye VPN, programu ya kukwepa kizuizi. Na usidhani Facebook, Instagram na WhatsApp ni njia tatu: mwenye nyumba ni mmoja. Oktoba 4, 2021 zilizima zote pamoja kwa saa kama sita.

Picha ya barua iacheni. Mwenye bando dogo amezima upakuaji wa picha, anaona ukungu. Kipofu anayesomewa na simu hasomewi chochote. Anayetafuta neno "salfa" ndani ya kundi halipati. Na barua yenyewe mstari wa kwanza ni "Husika na kichwa cha habari hapo juu", wa tatu "Halmashauri inapenda kuwataarifu", maji yanatajwa mstari wa sita! Andika maandishi. Barua yenye mhuri iambatishe baadaye kwa anayetaka kuhakiki.

Sasa tarehe na saa, maana hapa ndipo matangazo yanapoharibikia. Neno "kesho" lipigwe marufuku. Ujumbe unaosambazwa hukaa siku nne njiani na kila anayeupokea anahesabu kesho yake. Andika siku, tarehe, mwezi na mwaka. Saa iwe "saa 2 asubuhi", si "8:00" wala "saa 2" tupu. Usiku ndio mtego mkubwa: kwa watu wa pwani siku inaanza magharibi, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" kwa mmoja ni Alhamisi baada ya Isha, kwa mwingine ni Ijumaa yenyewe. Andika "usiku wa kuamkia Ijumaa tarehe fulani", utaeleweka Kilwa Kivinje na utaeleweka Nachingwea.

Kundi au chaneli? Vyote viwili, kila kimoja na kazi yake. Kundi hubeba watu 1,024 mwisho, na kila mmoja anaziona namba za wenzake. Hilo libaki la watendaji, na mpangilio uwe maadmini tu ndio wanaoandika, la sivyo tangazo la kimbunga litafunikwa na "Amina" arobaini. Chaneli haionyeshi namba za wafuasi kwa wafuasi wengine na inabeba watu bila kikomo cha kundi, ndiyo ya wananchi. Ubaya wake ni kwamba mtu akijiunga, mlio wa taarifa huwa umezimwa. Asipogusa ile kengele hatasikia kitu, ataona siku akijisikia kuchungulia. Kwa hiyo chaneli inafaa kwa ratiba ya chanjo. Dharura usiitegemee. Ile "orodha ya kutangazia" nayo ina mipaka: watu 256, na anapokea yule tu aliyehifadhi namba yako.

Laini iwe ya ofisi. Admini akiwa mmoja kwa laini yake binafsi, akihamishiwa Sumbawanga anaondoka na kila kitu, na akijitoa kwenye kundi WhatsApp yenyewe inamteua mwanachama yeyote kuwa admini. Wekeni maadmini watatu, uhakiki wa hatua mbili wenye PIN ya tarakimu sita, na PIN ikae kwenye bahasha ndani ya kabati la ofisi. Mei 2025 hata akaunti ya X ya Jeshi la Polisi ilidukuliwa, sembuse ya halmashauri yenye nywila aliyoiacha kijana wa mafunzo kwa vitendo.

---

mnara900 amejibu:

Nijibu la SMS. Zina maana, tena kubwa, lakini mkijua kuhesabu herufi.

SMS moja ni herufi 160. Ukizidi, ujumbe unakatwa vipande vya 153, kwa sababu herufi 7 za kila kipande zinaliwa na maelezo ya kuviunganisha, na kila kipande kinalipiwa. Ukiweka alama moja tu isiyo kwenye orodha ya kawaida ya herufi za mtandao wa simu (GSM), kama emoji au zile alama za kunukuu zilizopinda zinazoletwa na Word, ujumbe mzima unahamia mfumo mwingine na kikomo kinashuka hadi 70, au 67 kwa kipande. Kiswahili hakina herufi ya ajabu hata moja, kwa hiyo hamna sababu ya kuangukia huko. Andika kwenye programu ya maandishi matupu, usinakili kutoka Word.

Jina la mtumaji lisizidi herufi 11, na lisajiliwe. Mpokeaji hawezi kulijibu, hivyo namba ya kupiga iwe ndani ya ujumbe. Taasisi za serikali zina jukwaa la Mamlaka ya Serikali Mtandao (eGA), ile 15200 na menyu ya *152*00#. Anzeni kuulizia huko kabla ya kumwendea wakala wa mtaani.

Jambo linalosahaulika ni muda wa ujumbe kuishi. Simu ikiwa imezimwa, mtandao unauhifadhi na kuuleta ikiwashwa, pengine kesho yake. Tangazo la chanjo liache hivyo. Onyo la upepo wa jioni liwekee muda wa saa sita, likipita life. Onyo linaloingia asubuhi baada ya upepo kupita linawafundisha watu kupuuza la pili.

Kwa nini SMS inapenya mahali WhatsApp inagoma? Inasafiri kwenye njia za ishara za mtandao, haihitaji bando, inaingia kwenye kitochi, na 2G ya masafa ya 900 inafika mbali kuliko 4G ya masafa ya juu. Kile kijiji cha "sogea kwenye mwinuko" mara nyingi kina SMS hata chini bondeni. Ila mnara ukikosa umeme, betri zake hubeba saa chache tu, na jenereta bila mafuta ni chuma. Onyo litoke mnara ukiwa bado unapumua.

Mtasikia pia habari ya tangazo la mnara: ujumbe unaorushwa kwa kila simu iliyo chini ya mnara bila kujua namba ya mtu, ukurasa wa herufi 93, hadi kurasa 15, na haukwami hata watu wote wakipiga simu kwa pamoja. Ni zuri sana kwa kimbunga. Lakini halmashauri haiwezi kuliwasha. Hilo ni la kampuni za simu na mamlaka za taifa, msiliwekee bajeti.

---

kusi_na_kaskazi amejibu:

Swali la tatu: intaneti ikikatika. Msiliulize kama jambo la mbali. Mei 4, 2024 kimbunga Hidaya kilitua Mafia, mvua zikaikata barabara ya Dar hadi Lindi kule Kilwa. Mei 12, wiki moja tu baadaye, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ikakatika na intaneti nchini ikayumba vibaya. Oktoba 29, 2025 ikazimwa kwa siku kadhaa. Hizo ni sababu tatu zisizofanana kabisa, na kwa mtendaji wa kijiji matokeo ni yale yale, hana WhatsApp.

Kinachobaki ni mnyororo wa simu za kawaida, redio na mdomo. Mnyororo uandikwe kwenye karatasi ya kubandika ukutani, si kwenye simu: wilaya inampigia mtendaji wa kata, yeye watendaji wa vijiji, wao wenyeviti wa vitongoji. Kila mtu asipige zaidi ya namba tano, na kila nafasi iwe na mbadala, kwa sababu siku ya tukio mmoja atakuwa shambani. Jibu la "nimepokea" halitoshi. Linalorudi juu liwe "nimetangaza saa 9 alasiri, msikitini na sokoni". Zikipita saa tatu bila jibu hilo, mtu apande bodaboda.

Kwa wavuvi saa ni muhimu kuliko maneno. Mashua za kuvua usiku zinatoka jioni, kwa hiyo onyo lifike dikoni, zinakoegeshwa mashua, kabla ya alasiri. Likiingia baada ya magharibi unaiambia bahari tupu. Mkabidhini BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe, wao ndio wenye kujua nani yuko dago (kambi ya uvuvi) na anarudi lini. Bendera nyekundu kwenye mlingoti dikoni haihitaji chaji, alimradi mkubaliane mapema maana yake na nani anaishusha. Isiposhushwa kwa wakati inageuka pambo.

Spika za msikiti na kengele ya kanisa ziombeni mapema kwa mazungumzo, tena kwa mambo ya uhai na afya. Mkipeleka humo kila tangazo la ushuru, imamu atachoka nanyi na ana haki. Kipaza sauti cha mkononi kiwe kimoja kila kijiji. Betri zitolewe kikirudi kabatini, zikiachwa ndani zinavuja na kula vyuma, siku ya kuhitajika hakilii.

Redio: Jamii FM ya Naliendele, Safari Radio Mtwara, Mashujaa FM Lindi na nyinginezo. Wapelekeeni maandishi ya kusomwa, si barua. Maneno 55 hadi 60 ni nusu dakika. Jina la kijiji lisilo la kawaida liandikwe namna linavyotamkwa. Mkiweza pata msemaji wa Kimakonde au Kimwera wa kulirudia, kwa wazee kuna tofauti kubwa kati ya kusikia na kuelewa.

Na taarifa za TMA msizipike upya. Angalizo ni njano, tahadhari ni rangi ya chungwa, tahadhari kubwa ni nyekundu, na kila moja inataja uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Afisa akigeuza "angalizo" kuwa "HATARI!!!" ili watu wasome, siku ya nyekundu atakuwa hana neno lililobaki. Aprili 2019 shule na ofisi Mtwara zilifungwa kwa ajili ya kimbunga Kenneth, kikatua Cabo Delgado, Msumbiji. Ndiyo maana baada ya onyo lisilotimia lazima mtoe tangazo la pili: kimekwenda wapi, kwa nini onyo lilikuwa sahihi kwa wakati ule. Mkinyamaza, mtaani litaitwa uongo. Lindi ilipigwa na kimbunga kweli Aprili 1952, wazee wanakikumbuka, vijana wanadhani ni mambo ya Msumbiji.

---

salfa_na_korosho amejibu:

Wakuu mnaiponda Facebook kupita kiasi. Kwa kusikiliza ni nzuri kuliko mkutano mkuu wa kijiji wa kila miezi mitatu. Maoni kumi yanayotaja mtaa mmoja yanakuonyesha bomba lilipopasuka kabla fundi hajafika. Ila jibu la "tunalifanyia kazi" bila kuandikwa popote ni sawa na kutojibu. Daftari moja tu: tarehe, mtaa, tatizo, kapewa nani, limeisha lini. Malalamiko rasmi waelekezeni e-Mrejesho, mfumo wa serikali wa kupokea malalamiko.

Na matapeli wanawinda humo humo kwenye maoni. Mtu akiandika "sijapata mgao wangu wa salfa", dakika tano baadaye anapokea ujumbe kutoka ukurasa wenye nembo yenu ukimtaka atume hela ya usajili. Bandikeni juu kabisa ya ukurasa: malipo ya serikali ni kwa kontroli namba ya tarakimu 12, hatuombi hela kwa namba ya simu ya mtu. Bei za mnada wa korosho nazo: nakilini kwenye taarifa ya chama kikuu chenyewe, taja mnada wa tarehe ngapi, bei ya juu na ya chini. "Korosho imefika bei fulani" bila tarehe imeshagombanisha wakulima na vyama vyao vya msingi vya ushirika (AMCOS) mara nyingi.

---

mizani_ya_haki amejibu:

Nyongeza fupi ya sheria. Hizo namba 6,000 mnazipata wapi? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa itumike kwa lengo lililokusanyiwa. Namba iliyochukuliwa kwa bili ya maji itume habari za maji. Ukitaka kuitumia kwa mambo mengine, omba ridhaa. Fomu iwe na mistari mitatu tu: namba, kijiji na kitongoji, na aina za taarifa anazotaka. Bila kitongoji hutaweza kuchuja, utawaamsha watu wa bara kwa habari za mawimbi.

Na zile orodha za wanufaika wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) au waombaji wa mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, zenye majina na namba za simu, kutupiwa kwenye kundi la watu mia nane: acheni leo. Zilizokwisha kutupiwa zifuteni.

---

mtoahabari_kusini ameandika:

Nashukuru sana wakuu. Tovuti na mnyororo wa simu tunaanza navyo. mnara900, naomba unipimie ujumbe huu, ni mfano wa kazi ya bomba iliyopangwa Ijumaa:

"Mamlaka inapenda kuwataarifu wateja wake wote kuwa kutakuwa na ukosefu wa huduma ya majisafi siku ya kesho kuanzia saa mbili hadi saa kumi na moja kutokana na matengenezo ya dharura katika bomba kuu. Tunaomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza 🙏"

---

mnara900 amejibu:

Hiyo mikono inakugharimu. Maandishi peke yake ni herufi 242, vipande viwili. Emoji inahesabiwa kama mbili, inafanya 245, na kwa sababu yake kikomo kinakuwa 67: vipande vinne. Kwa watu 6,000 ni vipande 24,000 badala ya 12,000. Mtambo wenye kasi ya vipande 10 kwa sekunde utachukua dakika 40 badala ya 20.

Tena haisemi ni wapi, "kesho" ipo, na "dharura" iliyopangwa si dharura. Jaribu hivi, majina ya maeneo ni mfano tu:

"MAJI: Hayatatoka Mingoyo na Mnazi Mmoja Ijumaa 14/8/2026 saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Bomba kuu linatengenezwa. Kinga maji Alhamisi. Piga" na hapo namba ya ofisi yenye tarakimu 10.

Jumla herufi 152, kipande kimoja. Na watumie wa maeneo hayo mawili tu, Jumatano jioni, si Alhamisi usiku watu wakiwa wamelala na ndoo tupu. Kazi ikiisha mapema au ikichelewa, ujumbe wa pili uanze na "MAJI 14/8:" ili ajue ni lile lile.

---

ubao_wa_kijiji amejibu:

Ujumbe huo huo, neno kwa neno, ndio uende ubaoni, chanelini na redioni. Mkiandika matoleo manne tofauti, simu za ofisi zitaita siku nzima watu wakiuliza lipi ni la kweli.